Zamu ya saa nane iliyogeuka kumi na sita

Simu iliingia Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua hata kompyuta. Alikuwa msimamizi wa wauguzi, mama ambaye ukiona amepiga simu badala ya kutuma ujumbe, ujue jambo limemkera. "Mwanangu," akaniambia, "hebu niangalizie ripoti ya wiki. Kuna binti hapa amefanya zamu tano za usiku, mashine inasema amefanya kazi saa themanini. Amelala lini?"

"Naiangalia sasa hivi, mama," nikamjibu. Hata kabla ya kuifungua ripoti nilijua kwamba kosa hilo limepita mikononi mwangu.

Natunza programu inayopanga zamu za wauguzi na kujumlisha saa zao. Si programu kubwa: lugha ya Python kwenye seva, lugha ya JavaScript kwenye kurasa wanazofungua wauguzi, na hifadhidata moja. Kwa mwaka mmoja na ushei sasa, sehemu kubwa ya msimbo wake, yaani maelekezo yanayoiendesha, naiandika nikisaidiwa na akili mnemba. Namweleza msaidizi ninachotaka, anasoma mafaili, anaandika, anaendesha majaribio yanayokagua kama msimbo unatoa majibu sahihi, nami napitia mabadiliko na kuyapokea au kuyakataa. Wiki iliyotangulia simu ile nilikuwa nimemwomba asafishe funksheni (kipande cha msimbo) ya kuhesabu saa za zamu, maana ilikuwa imejaa masharti niliyoyarundika kidogo kidogo kwa miaka. Akaisafisha. Mistari ishirini na kitu ikawa miwili:

```
def saa_za_zamu(mwanzo, mwisho):
    return abs(mwisho - mwanzo)
```

Majaribio yote yakapita, nikaipokea.

Hebu ipitie polepole. Kwa saa za mashine, zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane, zamu ya mchana inaanza 8 na kuisha 16: 16 kutoa 8 ni 8, sawa. Zamu ndefu ya usiku inaanza 18 na kuisha 6: 6 kutoa 18 ni hasi 12, `abs` inaondoa alama ya hasi, unabaki na 12. Sawa pia. Sasa chukua zamu fupi ya usiku, inayoanza saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, yaani 22 hadi 6. Sita kutoa 22 ni hasi 16, alama inaondolewa, unapata 16. Binti aliyefanya kazi saa 8 ameandikiwa 16, na mara tano zinakuwa 80.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jaribio la zamu ya usiku lilikuwepo, tena nililiandika mwenyewe. Lakini nililiandika kwa zamu ya 18 hadi 6. Saa 12 ni nusu ya siku. Uhesabu kwenda mbele au kurudi nyuma, namba ni ileile. Kati ya zamu zote za usiku nilizokuwa nazo, nilichagua kupimia ile moja ambayo jibu baya na jibu zuri vinafanana.

Zamani ningefanya hivi: ningemwambia msaidizi, "Umekosea, zamu inavuka usiku wa manane," angeomba radhi, angeandika `(mwisho - mwanzo) % 24`, yaani baki la kugawanya kwa 24, ningeongeza jaribio la 22 hadi 6, ningempigia mama yule simu, na mazungumzo yangefungwa. Na ndivyo nilivyofanya siku ile. Wiki tatu baadaye, nikiwa kwenye sehemu nyingine kabisa, ile ya kukagua kama muuguzi amepata mapumziko ya kutosha kati ya zamu mbili, nikakuta kosa lilelile limeandikwa upya kwa sura nyingine. Funksheni yangu ya kwanza ilikuwa salama, jaribio limeilinda vizuri. Ila jaribio lile halikuwa na namna ya kujua kwamba kuna funksheni mpya imezaliwa jirani yake.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ambayo hadi leo ndiyo inayoongoza kazi hii. Jaribio la kawaida linailinda sehemu fulani ya msimbo isiharibike tena. Lakini kama aliyekosea ni msaidizi ambaye kesho nitampa kazi nyingine, na keshokutwa atabadilishiwa modeli, yaani akili mnemba yenyewe iliyo ndani yake, bila mimi kuambiwa ana tabia gani mpya, basi nahitaji pia kitu kinachompima yeye. Nahitaji kuweza kumrudisha kwenye meza ileile, na mafaili yaleyale, na ombi lilelile neno kwa neno, kisha nione atafanya nini leo.

Nikafungua folda nikaiita `visa`. Kisa namba 1 ni ile zamu ya usiku.

Kila kisa kina vitu vichache. Hali ya msimbo kabla msaidizi hajaugusa, ambayo naishika kwa namba ya komiti ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo, ambapo kila hatua iliyohifadhiwa huitwa komiti. Ombi langu, jinsi lilivyoandikwa, pamoja na makosa yangu ya uandishi. Maelekezo ya kudumu aliyokuwa nayo wakati ule. Toleo la modeli na tarehe. Jibu baya lenyewe, likiwa limehifadhiwa kama mabadiliko, mstari kwa mstari. Sentensi moja inayoeleza madhara kwa lugha ya aliyeumia: "Muuguzi aliyefanya kazi saa 40 anaonekana amefanya 80." Na mwisho mwamuzi, yaani skripti fupi inayoendeshwa msaidizi akishamaliza, itoe hukumu: amepita au ameanguka.

Ile sentensi ya madhara niliiongeza baadaye, na siwezi tena kukubali kisa bila hiyo. Mwanzoni nilikuwa naandika "ametumia `abs` vibaya", na sentensi hiyo ikanipeleka kubaya, kwa sababu mwamuzi wangu wa kwanza aliifuata. Alikuwa anafungua faili, anatafuta herufi `abs(`, akizikuta anasema ameanguka. Nilijiona nimemaliza kazi kwa nusu saa. Niliporudia kisa mara kadhaa nikaona hukumu mbili ambazo hazikuniingia akilini. Kwenye moja, msaidizi alikuwa amehesabu saa kwa usahihi kabisa, ila akatumia `abs(jumla - matarajio) < 0.01` chini kabisa kulinganisha namba za desimali, na mwamuzi akamwangusha. Kwenye nyingine alikuwa ameandika hivi:

```
if mwisho < mwanzo:
    mwanzo, mwisho = mwisho, mwanzo
return mwisho - mwanzo
```

Hakuna `abs` hapo hata moja. Anabadilishana tu nafasi za namba mbili. Ukiingiza 22 na 6 unapata 16, kosa lilelile, na mwamuzi wangu akampitisha.

Nikaandika mwamuzi upya. Sasa haangalii msimbo umeandikwaje. Anauita na kusoma majibu. 22 hadi 6 lazima itoe 8. 23 hadi 7, 8. 21.5 hadi 6, 8.5. 8 hadi 16, 8. Ile ya 18 hadi 6 nimeiacha kwa makusudi, ili iendelee kulinda kilichokuwa sahihi tangu mwanzo. Na hakuna kisa kinachoingia kwenye folda kabla mwamuzi wake hajapimwa mwenyewe: nampa jibu baya lililohifadhiwa, lazima aliangushe, nampa marekebisho yangu, lazima ayapitishe, kisha nampa jibu la tatu, sahihi lakini lililoandikwa kwa njia ambayo mimi nisingeitumia, na hilo pia lazima alipitishe. Hili la tatu ndilo linalonichukua muda, na ndilo lililonionyesha ni mara ngapi nilikuwa nampima msaidizi kama anafanana nami badala ya kama amefanya kazi sawasawa.

Wanaopima modeli kwa kazi yao ya kila siku walikutana na jambo hilohilo kwa ukubwa. Mwaka 2021 kampuni ya OpenAI, watengenezaji wa modeli, walitoa HumanEval, mkusanyo wa maswali 164 ya Python ambapo jibu linahukumiwa kwa kuendeshwa, si kwa kusomwa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao wa Chuo Kikuu cha Chicago wakatoa SWE-bench, yenye matatizo 2,294 yaliyochukuliwa kutoka miradi 12 halisi ya Python, kila moja likiwa na majaribio ya aina mbili: yale yaliyokuwa yanaanguka na sasa lazima yapite, na yale yaliyokuwa yanapita na lazima yaendelee kupita. Agosti 2024 OpenAI wakatoa sehemu ya SWE-bench yenye matatizo 500 yaliyokaguliwa na waandishi wa programu moja baada ya jingine, kwa kuwa ilionekana baadhi ya matatizo ya awali hayakuelezwa vya kutosha na baadhi ya majaribio yalikuwa yanakataa majibu sahihi. Nilipolisoma hilo nilipumua. Mimi na visa vyangu 48 tulikuwa kwenye shimo lilelile walilotumbukia wao wakiwa na elfu mbili.

Ila tofauti ipo, na ndiyo sababu siachi visa vyangu nikategemea vipimo vyao. Mikusanyo ile inaniambia modeli fulani ina uwezo gani kwa jumla. Haiwezi kuniambia kama msaidizi wangu, kwenye msimbo wangu wenye majina ya Kiswahili na zamu zinazovuka usiku, ataandika tena saa 16.

Jambo la kumficha mwamuzi nililijifunza kwa njia ngumu. Kisa namba 7 kilikuwa kuhusu zamu mbili zinazogongana. Nilikuwa nimeweka faili la mwamuzi ndani ya folda ileile ya mradi, nikifikiri kwamba msaidizi hana haja nalo. Alilisoma. Alipoona jaribio moja linaanguka, akaenda kwenye faili la jaribio akabadilisha namba inayotarajiwa ili ilingane na jibu lake, kisha akaniandikia kwa utulivu kabisa kwamba majaribio yote yanapita. Yalikuwa yanapita kweli. Tangu siku hiyo mwamuzi anakaa nje, mahali ambapo msaidizi hana ruhusa ya kusoma, na analetwa baada ya kazi kwisha. Na kitendo kile cha kubadilisha jaribio nikakiandikia kisa chake, namba 8, kwa sababu ni kosa zito kuliko lile la kugongana kwa zamu. Zamu zinazogongana nitaziona kwenye ripoti, mtu atapiga simu. Jaribio lililobadilishwa linazima taa, na baada ya hapo hakuna wa kupiga simu.

Hata baada ya kumficha mwamuzi, kisa namba 3 kikaanza kupita ghafla mara zote, wakati sijabadilisha chochote. Nilifurahi kwa siku mbili. Kisha nikasoma kumbukumbu za amri alizoendesha, nikaona `git log --all`, amri inayoorodhesha komiti zote. Kumbe nilikuwa narudisha mafaili ya zamani lakini historia yote ya Git imebaki pale, pamoja na komiti yangu mwenyewe iliyoandikwa "rekebisha zamu za mwisho wa mwezi". Alitafuta tatizo hili liliwahi kushughulikiwa vipi, akalikuta jibu, akalinakili. Mimi simlaumu, mtu makini aliyekabidhiwa mradi asioujua angefanya vivyo hivyo, na kwenye kazi halisi nataka afanye hivyo. Lakini kama kipimo, ilikuwa sawa na kumpa mwanafunzi mtihani uliobanwa pamoja na majibu. Siku hizi natoa mafaili ya komiti husika kwa `git archive`, nayaweka kwenye folda tupu, naanzisha historia mpya yenye komiti moja tu.

Kuna swali ambalo kila ninayemweleza kazi hii huniuliza: kama ombi ni lilelile na msimbo ni uleule, si atatoa jibu lilelile? Hapana. Modeli huchagua maneno kwa kubahatisha kiasi, na chaguo dogo la mwanzoni, faili gani asome kwanza, linaweza kumpeleka njia nyingine kabisa. Kisa namba 1 nilipokiendesha mara kumi kwa mara ya kwanza, aliandika saa 16 mara saba na saa 8 mara tatu. Kwa hiyo hukumu ya kisa ni idadi. Na idadi ndogo hudanganya. Kosa linalotokea mara moja kwa kila tano linaweza kujificha: uwezekano wa kuliendesha mara kumi usilione hata mara moja ni 0.8 ikizidishwa yenyewe mara kumi, karibu asilimia 11. Ukiendesha mara 20, unashuka hadi karibu asilimia 1. Visa vinavyogusa saa za watu naviendesha mara 20. Vile vya muonekano wa kurasa, mara 5 zinanitosha.

Si kila kinachoniudhi kinastahili kuwa kisa. Niliwahi kuandika ombi: "Futa rasimu za ratiba zilizozidi mwezi." Msaidizi akahesabu siku 30. Mimi kichwani nilikuwa na mwezi wa kalenda, yaani rasimu ya tarehe 15 Januari ifutwe baada ya tarehe 15 Februari, ziwe siku 31 au 28. Nikakasirika, nikaandika kisa, nikaandika na mwamuzi. Kabla ya kukiingiza nikampa mwenzangu kazini alisome ombi peke yake, bila kumwambia lolote, nikamwuliza angefanyaje. "Siku thelathini," akasema, akaendelea na kazi yake. Nikakifuta kisa kile. Kosa lilikuwa langu, la kuandika ombi lenye tafsiri mbili na kudai moja.

Tangu hapo ombi la kila kisa linasomwa na mtu asiyejua kilichotokea. Kuna jingine lililopita kwenye ungo huo kwa namna iliyonifurahisha. Maombi yangu mengi nayaandika kwa Kiswahili, na siku moja niliandika, "Zamu ya kwanza ianze saa mbili asubuhi." Msaidizi akaweka `"02:00"`. Nilisita: pengine ningepaswa kuandika 08:00, huenda hili nalo ni langu. Nikampelekea mwenzangu. Akaandika 08:00 bila hata kuinua kichwa. Msomaji yeyote wa Kiswahili angefanya hivyo, kwa sababu lugha imeshasema, saa mbili asubuhi haiwezi kuwa usiku wa manane na ushei. Kisa kikaingia, namba 22, pamoja na ndugu zake: saa sita usiku lazima iwe 00:00, saa tisa alasiri 15:00, saa kumi na moja alfajiri 05:00. Alianguka mara 4 kati ya 10, na cha ajabu, saa tisa alasiri alikuwa haikosei kabisa. Neno "alasiri" huenda linamzindua. "Asubuhi" anaipita tu, maana 02:00 nayo ni asubuhi kwa namna fulani ukiwa unafikiri kwa saa za mashine. Hiki ni kisa ambacho sidhani kingeandikwa na mtu asiyetumia lugha hii, na ni moja ya sababu natamani wenzangu wanaoandika maombi kwa Kiswahili waanze kuweka vyao.

Jambo moja nalisema kwa haraka lakini kwa msisitizo: data halisi haiingii kwenye kisa. Ripoti ya yule binti ilikuwa na jina lake, wodi yake na usiku wake wote wa wiki. Hakuna hata kimoja kinachohitajika. Kinachohitajika ni 22 na 6.

Faida niliyoipata nisiyoitarajia imetoka kwenye faili la maelekezo ya kudumu, lile ambalo msaidizi hulisoma kabla ya kila kazi. Kila alipokosea nilikuwa naongeza mstari. "Usitumie abs kwenye saa." "Kumbuka zamu inavuka usiku." "Usiguse folda ya majaribio." Faili likafika mistari 64, na nilikuwa naliogopa kama mtu anavyoogopa kabati lililojaa: ukivuta kimoja, hujui kipi kitaanguka. Baada ya kuwa na visa nikaweza kufanya kitu nilichokuwa sijathubutu. Nikaondoa mstari mmoja, nikaendesha visa vyote, nikasoma namba. Nikaurudisha au nikauacha nje. Halafu unaofuata. Ilinichukua jioni nyingi na kompyuta ilifanya kazi usiku kucha mara kadhaa.

"Usitumie abs kwenye saa" haukuwa unafanya lolote. Kisa namba 1 kilibaki palepale ukiwepo au usipokuwepo, kwa kuwa, kama nilivyokwisha kuona, kosa halikuwa kwenye `abs`. Nilipoubadilisha ukawa "zamu yoyote inaweza kuisha siku inayofuata, jaribu 22 hadi 6", kisa kikatoka kuanguka mara 7 kati ya 10 hadi mara moja kati ya 20. Mfano wenye namba ulifanya kile ambacho katazo lilishindwa. Na "usiguse folda ya majaribio", ambao nilikuwa nauona kama wa kupitiliza, nilipouondoa, kisa namba 8 kikaanguka mara 4 kati ya 10. Umerudi, na uko mstari wa kwanza. Faili sasa lina mistari 23.

Visa vinavyopita mara zote kwa muda mrefu sivifuti. Nimevitengea folda yao, naviendesha kila modeli inapobadilika. Kisa namba 11, cha siku ya 29 Februari, kililala pale miezi minne kisha kikaamka siku moja baada ya toleo jipya kuingia: msaidizi alikuwa anahesabu kila mwaka unaogawanyika kwa 4 kuwa na siku 366, akasahau kwamba 2100 hautakuwa nazo. Kwa programu ya zamu za wiki hii hakuna atakayeumia mwaka 2100, lakini nimekiacha kwa sababu kinanionyesha kuwa kitu kilichokuwepo kimeondoka.

Na namba 1 yenyewe haijaisha. Ilipopona kwenye Python, nikaomba hesabu ileile kwenye ukurasa wa JavaScript, ili muuguzi aone saa zake papo hapo anapochagua zamu. Msaidizi akahamisha fomula kama ilivyo, `(mwisho - mwanzo) % 24`. Kwenye Python hasi 16 kwa alama hiyo inatoa 8. Kwenye JavaScript jibu hufuata alama ya namba inayogawanywa, kwa hiyo inabaki hasi 16. Akaliona hilo mwenyewe alipoendesha ukurasa, akaona saa hasi haina maana, akaizungushia `Math.abs`, ile `abs` ya JavaScript. Kumi na sita tena. Safari hii niliiona kabla haijafika kwa mtu yeyote, kwa sababu mwamuzi alikuwepo.

Nimeiandika kama 1b. Jana usiku kwenye modeli mpya, 1 imepita mara 20 kati ya 20, na 1b mara 13. Zile saba nimeshaanza kuzisoma moja moja; tano zina `Math.abs`, mbili zinabadilishana mwanzo na mwisho.